Asilimia Kumi na Sita

Gari langu lilipofika Matamba mara ya kwanza, watu walilitazama tumbo lake lilivyoning'inia karibu na ardhi, wakalibatiza Mama Kijacho. Kiwandani tulikuwa tumekwisha kulipa jina la Mbogo, tukalibandika nembo ya pembe, tukalitungia na wimbo wa redioni. Kazi bure. Hadi leo ukiulizia Mbogo pale kituo cha kuchajia watakukodolea macho. Sema Mama Kijacho, utaonyeshwa mara moja.

Tumbo hilo ni betri, kilo mia tisa na ishirini. Niliyeliweka pale ni mimi, Edina Chaula, injinia mkuu wa muundo, miaka hamsini na saba, magoti mabovu yote mawili. Sikuwa na pengine pa kuliweka. Dizeli ilipopigwa marufuku, milima yetu ilibaki na viazi bila gari la kuvishusha. Tukaambiwa tutengeneze pikapu ya umeme itakayopanda kutoka Chimala hadi Matamba, kona zote hamsini na saba, ikiwa na mbolea mgongoni, kisha ishuke na magunia ishirini ya viazi. Sasa, ukitaka nguvu ya kupanda unahitaji betri kubwa. Betri kubwa ni nzito, na uzito wake unakula nafasi ya mzigo. Bodi ilikataa katakata kupunguza hata gunia moja. Basi nikatafuta kilo kwingine, nikazipata kwenye breki.

Niliweka diski ndogo na nyepesi, kwa sababu gari la umeme likishuka linajishika lenyewe. Magurudumu yanaizungusha mota, mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye betri, na mwendo unapungua. Breki za kawaida dereva anazigusa mwishoni tu, akitaka kusimama kabisa. Nilipata kilo sitini kwa njia hiyo. Nilipongezwa sana, ikanunuliwa na keki.

Sharti lilikuwa moja tu. Umeme unaorudi lazima uwe na pa kwenda. Betri ikiwa imejaa pomoni haipokei kitu, na mota haishiki tena. Ndiyo maana niliandika kwenye programu kwamba chaja ya Matamba, ile ya juu kabisa mlimani, ikomee asilimia themanini na nne. Kumi na sita zilizobaki gari litajijazia lenyewe likiteremka.

Ungedhani nimeiba mtoto wa mtu.

Nilitumwa Matamba kusikiliza wateja, na kwa siku tatu nilisimama kando ya chaja nikitukanwa. Walisema tumewauzia ndoo isiyojaa. Mmoja aliniuliza kama nyumbani kwangu napakua wali robo tatu ya sahani halafu naita ndiyo sahani. Mwingine alipiga picha ya kioo cha chaji ndani ya gari, namba themanini na nne inaonekana wazi, akaisambaza kwenye simu za watu wote kutoka Makete hadi Mbeya na maneno mawili chini yake: wezi hawa. Nilieleza habari ya mota nikaeleza tena mpaka sauti ikanikauka. Kichwa kilikuwa kinaniwanga kutwa nzima.

Aliyenisikiliza alikuwa dereva mmoja, Lutengano Mahenge, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye kofia ya sufu iliyofumwa na mkewe. Alinisalimia kamwene, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Panda basi, mama. Maneno ya kusimama siyaelewi vizuri."

Tukashuka pamoja na magunia yake ishirini. Kona ya kwanza kioo kilionyesha themanini na nne. Kona ya kumi, themanini na saba. Lutengano alikuwa akiinua mguu kwenye breki makusudi na kuachia gari lijishike lenyewe, huku akitazama namba inavyopanda. Tulipofika chini Chimala ilikuwa tisini na sita. Akazima gari, akacheka.

"Kumbe hili jitu linakula likishuka," alisema. Kisha akaniambia kwamba yeye ameelewa, lakini wenzake hawataelewa, kwa sababu wao hawasomi mlima, wanasoma kioo. Nilimwamini. Ningemwamini zaidi ningeokoa mengi.

*

Kikao kilifanyika kwenye ghala la viazi. Aliyekiendesha alikuwa Mama Skola Ngajilo, mnunuzi wa viazi mwenye Mbogo saba na mwenyekiti wa umoja wa wasafirishaji. Ni mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyopepesa, na hajawahi kupandisha sauti kwa kuwa hajawahi kuhitaji. Alisema kioo chetu kinahesabu mpaka mia, yeye haioni mia, na anataka kujua nani amekula kumi na sita zake. Umoja ulikuwa umekwisha kukubaliana: wiki ile ikiisha bila mia, magari yote yanarudishwa kiwandani, na viazi vibaki shambani vioze, iwe fundisho kwa wote.

Nikajaribu njia nyingine. Niliomba gunia moja lipandishwe kwenye mizani, niwaonyeshe uzito unaolisukuma gari mteremkoni. Programu yangu ilihesabu gunia kuwa kilo mia. Lile lilikuwa na kilo mia na arobaini na moja.

Ghala zima likacheka, mimi nikiwa wa mwisho kuelewa kwa nini. Ilikuwa lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linashonewa wavu juu, linajazwa tena mpaka linaota nundu, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria inakataza tangu enzi za bibi zetu, na tangu enzi za bibi zetu viazi vinauzwa hivyo hivyo. Tulipopita kuuliza madereva wanabeba magunia mangapi, walisema ishirini, na walisema kweli. Hatukuuliza gunia ni nini. Mimi nimezaliwa Bulongwa, nimeshona nundu hizo kwa sindano ya chuma nikiwa na miaka tisa, na bado sikuuliza. Nilikuwa nimekaa mjini mno.

Jioni ile mkurugenzi wangu, Fadhili Mrope, alinipigia. Fadhili si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka jambo liishe. Aliniambia suluhisho ni la dakika tano: niache betri ikomee pale pale, ila nibadilishe namba kwenye kioo. Themanini na nne iandikwe mia. Watu wataona mia, mlima utapata nafasi yake, kila mtu alale.

Nilikataa. Nilimweleza habari za mama yangu, ambaye alilima viazi miaka arobaini na akauza kilo mia na arobaini kwa bei ya mia maisha yake yote, akimwangalia mnunuzi akishona nundu na kumwambia asante. Nilimwambia sitatengeneza kipimo cha uongo, labda anitafutie mtu mwingine wa kukitengeneza. Fadhili akasema kama ni hivyo wape mia ya kweli, maana magari yakirudi hakuna kiwanda.

Nikawapa mia ya kweli. Nilifungua chaja ijaze mpaka mwisho kwa anayetaka, nikaweka maandishi mekundu kwenye kioo: unaposhuka mlima usizidishe themanini na nne. Nilibandika na tangazo kituoni. Watu walinishangilia. Mama Ngajilo alinipa kuku.

*

Siku ya kumi na moja, Alhamisi saa nne asubuhi, Lutengano alishindwa kusimamisha gari kona ya thelathini na moja. Alimgonga Obedi Nkwama, mfanyakazi wa barabara aliyekuwa akisafisha mtaro. Obedi alikufa pale pale, ameacha mke na mama mzee. Gari liliendelea mpaka likajibamiza kwenye ukuta wa mlima, na mguu wa kulia wa Lutengano ukabanwa chini ya usukani. Walimtoa baada ya saa mbili. Hospitalini waliukata chini ya goti.

Gari likaburutwa hadi kituoni, nikapewa chumba na nusu siku kusoma kumbukumbu zake. Betri ilikuwa imeondoka Matamba ikiwa mia kamili. Mota haikushika hata kona moja. Diski zangu ndogo zilibeba gari lile na tani karibu tatu za viazi kona thelathini zikiwa peke yake, zikashika moto, zikaisha. Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilimkasirikia Lutengano, mtu pekee aliyekuwa ameelewa, nikajiuliza kwa sauti kwa nini alijaza.

Kesho yake asubuhi alikuja Kandid Luvanda, mhudumu wa chaja, mtu mzima mwenye wajukuu, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alisema Lutengano hakujaza. Lutengano huwa anaweka themanini, mwenyewe kwa mkono wake, kisha anakwenda kunywa chai. Siku ile chai ilichelewa.

"Nikamwongezea," alisema Kandid. "Ni mteja wangu, mama. Kila siku ananisalimia vizuri. Nikaona nisimwache na themanini wakati wenzake wanaondoka na mia."

Alikuwa amempa nyongeza. Ndivyo tunavyofanya huku kwetu: ukinunua nyanya unaongezwa moja, ukinunua maziwa unamiminiwa kidogo juu, na asiyeongeza anaonekana mtu wa roho mbaya. Lutengano alirudi mbio kutoka kwenye chai, akachomoa waya, akaondoka. Hakutazama kioo kwa kuwa alikumbuka alichokiweka. Maandishi yangu mekundu yalikuwepo, madogo kama ya kwenye chupa ya dawa.

Kandid alilia mbele yangu bila kujificha. Nilimwambia asiseme kwa mtu mpaka nimalize ripoti. Nilidhani namwonea huruma. Nadhani nilikuwa najihurumia mwenyewe pia.

Nilikwenda hospitalini. Lutengano alikuwa amelala na askari kwenye kiti kando yake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kumwandikia kosa la kusababisha kifo kwa kuzidisha mzigo. Mkewe, Oliva, alinisalimia, akaenda kuchota maji. Lutengano hakuniuliza habari za mguu.

"Mama, niliweka themanini," alisema. "Nakumbuka niliweka themanini. Lakini tangu wanichome sindano nakumbuka vitu vingi vingine pia. Wewe umelifungua gari. Niambie tu, niliweka ngapi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwambia bado naangalia.

*

Fadhili alikuja mwenyewe kutoka Mbeya, akakaa kwenye kitanda cha nyumba ya wageni kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Tulizungumza tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, kwa upole, kama watu waliofiwa. Mara hii sikuhitaji kushawishiwa habari ya namba. Magari mia nne na kumi na mawili yalikuwa yanashuka milima yote ya kusini, yote na breki zangu, na kila chaja ilikuwa na Kandid wake. Breki kubwa zingechukua miezi saba kutengenezwa, maana zinahitaji rimu nyingine. Kusimamisha magari miezi saba ni msimu mzima wa viazi ardhini. Kurudisha themanini na nne wazi kwenye kioo hakukuwezekana tena: fundi mmoja wa Chimala alikuwa amekwisha kujitangaza kwamba anafungua kizuizi chochote cha kiwanda kwa muda wa kunywa soda. Njia iliyobaki ni kizuizi wasichojua kama kipo. Waone mia, wafurahi, na ndani mwake ziwe themanini na nne.

Nikasema sawa. Nilishangaa ilivyokuwa rahisi kusema.

Kisha Fadhili akanigusa mkono, akauliza habari ya ripoti. Ndipo nilipoona lile ambalo yeye alikuwa ameliona tangu Mbeya. Nikiandika kwamba chanzo ni betri kujaa, wakaguzi watafungua kila gari kuangalia betri. Watakuta namba ya uongo. Siku ya pili mafundi wote watajua kuna kumi na sita zimefichwa, na siku ya tatu zitakuwa zimefunguliwa. Lakini nikiandika mzigo, wakaguzi watapima magunia, basi. Na mzigo kweli ulizidi, kwa kilo mia nane na zaidi.

"Kila neno litakuwa kweli," alisema Fadhili.

Nilimuuliza kijana yule atapata nini. Alisema wakili anadhani miaka mitano, pengine mitatu akikubali kosa. Alisema kiwanda kitaiangalia familia. Alisema pia, bila kunitazama, kwamba hakuna anayenilazimisha.

Nilipiga hesabu mara nne siku ile. Nililishusha gari la Lutengano kwenye kompyuta, magunia yale yale, uzito ule ule, betri themanini na nne. Mara zote nne lilifika chini, diski zikiwa za vuguvugu. Kwa hiyo si mzigo uliomuua Obedi. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na saa kumi jioni nikaandika: chanzo, mzigo uliozidi kiwango. Nikasaini. Kisha nikatuma toleo jipya la programu kwa magari yote mia nne na kumi na mawili, na tangazo kwamba mfumo wa kushuka umeboreshwa, maandishi mekundu yameondolewa, sasa jazeni mpendavyo.

Wiki tatu zikapita, hakuna gari lililoanguka. Kona zilikuwa zile zile na magunia yalikuwa na nundu zile zile. Watu walinisalimia njiani. Mama Ngajilo aliagiza Mbogo nyingine mbili, akasema mbele za watu kwamba alijua tangu mwanzo tulikuwa tunabana tu. Usingizi ulinipotea. Nilikuwa nikikaa kwenye chakula nasahau kula, na mtu akiniuliza nina nini nasema ni magoti.

*

Siku niliyoondoka Matamba nilitafuta gari la kunishusha, na lililokuwa tayari lilikuwa la Oliva.

Sikumtambua mara moja. Alikuwa amevaa koti la mumewe, amelikunja mikono. Alisema gari ni la kaka yake, anamwendeshea kwa zamu, maana watoto wanataka kula na kesi inataka nauli. Aliniita mama, akanifungulia mlango, akanifutia kiti. Ningeweza kusema nimesahau kitu nikabaki. Nilipanda.

Nyuma kulikuwa na magunia ishirini. Kwenye kioo iliandikwa mia.

Oliva alikuwa dereva mzuri, mwangalifu kuliko mumewe. Gari lilijishika barabara kwenye kila mteremko, likinguruma kwa ndani, na ile namba ilikaa pale pale kwenye mia kwa sababu nilikuwa nimeiamuru ikae. Kona ya kumi na mbili aliondoa kabisa mguu kwenye breki, akaangalia gari linavyopunguza mwendo lenyewe. Alifanya hivyo tena kona iliyofuata. Halafu akavuta pumzi ndefu.

"Nilikuwa naogopa kuja, mama," alisema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kushuka na mia. Wiki zote hizi nilikuwa naweka themanini, kwa ajili yake. Nimegombana na watu kisimani na kanisani kwa ajili ya hiyo themanini. Mke wa marehemu alikuja kwangu, nikamwambia usoni kwamba mume wangu hakujaza, kwamba gari ndilo lililomkataa. Jana usiku nikasema hapana, nijaze mwenyewe nione. Sasa nimejaza mia, na mzigo ni ule ule, na gari linashika."

Alibadilisha mikono kwenye usukani.

"Basi alikosea kweli. Alikuwa anakimbia, au alisinzia, sijui. Kesi ni Jumatatu. Nikitoka Chimala nakwenda hospitali nimwambie akubali kosa, aache kuniambia themanini. Na mke wa Obedi nikamwombe radhi. Nilimsema vibaya, maskini."

Nilitazama dirishani. Tulipita kona ya thelathini na moja. Kwenye ukuta wa mlima bado kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa rangi ya bluu, na mtu alikuwa ameweka msalaba wa mbao kando ya mtaro. Oliva alipunguza mwendo, akainamisha kichwa, akaendelea. Nilijiambia ninyamaze kona moja zaidi. Nilijiambia hivyo kona kama sita, nikihesabu magari yaliyokuwa mbele yetu na nyuma yetu, yote yakiwa na mtu ndani. Lakini nilikuwa nimekaa kando ya mwanamke anayekwenda kumwambia mumewe asijiamini, na ushahidi aliokuwa nao nilikuwa nimeutengeneza kwa mkono wangu.

"Oliva," nilisema, "hiyo si mia."

Nikamweleza yote. Sikuchukua muda mrefu, lilikuwa jambo fupi. Nilimwambia kioo kinasema uongo, ndani kulikuwa na themanini na nne tulipoondoka, na ndiyo maana gari linashika. Nilimwambia mumewe aliweka themanini, na Kandid akamwongezea kwa wema wake. Nilimwambia niliandika mzigo nikijua si mzigo, na kwa nini.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuendesha, kona baada ya kona, mikono yote miwili kwenye usukani, machozi yakimtiririka na yeye hayafuti.

"Kwa hiyo hakujaza," alisema.

"Hakujaza."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili."

Tulianza kuyaona mabati ya Chimala. Kisha akasema polepole, akijieleza mwenyewe zaidi kuliko mimi, kwamba akiwaambia watu, madereva watakwenda kuzifungua hizo kumi na sita. Nilimwambia ndiyo, watazifungua. Akasema na wengine watakufa. Nilimwambia inawezekana sana.

"Wewe una magari mia nne, mama," alisema. "Mimi nina mume mmoja."

Aliegesha kwenye uwanja wa kushushia mizigo. Madereva kumi na kitu walikuwa wamekaa juu ya magunia wakinywa chai, wakisubiri zamu. Oliva alishuka bila kufunga mlango, akaelekea kwao. Simu yangu ilikuwa mfukoni na namba ya Fadhili ndani yake, na basi la Mbeya lilikuwa ng'ambo ya barabara, konda anaita. Hakuna ambaye angenizuia. Nilishuka nikamfuata, nikamtangulia kusema.

Niliwaambia mia wanayoiona si mia. Niliwaambia Lutengano Mahenge aliweka themanini na hakumuua mtu, na kwamba Jumatatu nitasema hivyo mbele ya hakimu. Oliva alikuwa amekwisha kusogea pembeni na simu sikioni. Nilimsikia akisema, "Baba Neema, hukujaza. Nasema hukujaza," halafu akasikiliza, halafu akalisema tena, na tena, kwa kuwa upande wa pili alikuwa anaulizwa tena.

Madereva walinitazama. Mmoja wao, mtu mwenye umri wangu, mwenye mvi na uso wa heshima, aliweka kikombe chini, akalitazama gari lake, kisha akanirudia mimi.

"Kwa hiyo zimo humo humo," alisema. "Zinafunguliwaje?"

Sikuwa na nguvu za kukasirika. Nilivuta gunia, nikakaa mbele yao, magoti yakilia, nikawaomba wanisikilize wote kabla hawajakwenda kwa fundi. Nikaanza na breki, kwa sababu zile nilizipunguza mimi.